Basi jeupe ndani ya San Andreas: namna ya kurudisha rangi zake

Habari zenu wadau, karibuni. Kabla sijasema mengi, tazameni skrini. Hilo ni basi la mkoani, nimeliingiza kwenye GTA San Andreas mahali pa gari la gemu linaloitwa coach. Bodi imekaa vizuri, matairi yanazunguka, milango inafunguka. Lakini ubavu! Ubavu wote mweupe kama karatasi. Maandishi ya DAR – MBEYA niliyoyachora jana mpaka saa saba usiku hayaonekani hata herufi moja. Leo tunayarudisha.

Ninatumia lile gemu la kompyuta la mwaka 2005, toleo 1.0. Lile lililofanyiwa ukarabati mwaka 2021 linaendeshwa na injini nyingine kabisa, Unreal, kwa hiyo msijaribu haya huko, mtajichosha bure. Mod Loader, ya kuingizia modi, yaani nyongeza za mashabiki ndani ya gemu, mnayo. Magic.TXD, ya kufungua faili za picha, mnayo. RW Analyze, ya kusoma faili za umbo, mnayo. Kupakua na kufungua zipu mnajua, napita. Nakilini folda ya modi yenu mahali pengine kwanza. Umenakili? Twende.

Gari lolote humu ndani lina faili mbili. Coach.dff ni bodi, yaani umbo. Coach.txd ni kabati la picha zinazovalishwa juu ya hilo umbo, zile tunazoziita tekscha. Sasa shikeni hili: ndani ya DFF kuna majina. Bodi inasema, "ubavuni nipeni picha inayoitwa ubavu01." Gemu linakwenda kwenye kabati kutafuta jina hilo. Likilikuta, linavalisha. Lisipolikuta halikwambii kitu, linakuachia eneo jeupe na safari inaendelea. Kwa hiyo ukiona weupe, usikimbilie kulaumu kadi ya picha. Kuna jina halijapatikana.

Tuanze na chanzo rahisi. Fungua folda ya modloader, pale juu kwenye kutafuta andika coach. Mnaona? Coach.txd zipo mbili! Moja ya basi langu, nyingine ya modi ya zamani niliyoisahau. Mod Loader ikikuta faili mbili zenye jina moja, inachagua ya folda yenye kipaumbele kikubwa. Vipaumbele vinakwenda 1 mpaka 100, na usipogusa kila folda inakaa 50. Hapo bodi inaweza kutoka modi hii na picha zikatoka modi ile, na majina hayawezi kulingana. Ile ya zamani naitoa nje kabisa. Wengine wanapenda kuchezea namba za kipaumbele, mimi napenda folda safi.

Nawasha gemu... naliita basi... bado jeupe. Sawa, kumbe tatizo ni majina.

Hapa naomba muache simu, muache na chai. Nafungua coach.dff kwenye RW Analyze, naangalia majina ya tekscha: ubavu01, nyuma01, stika_kioo. Upande wa pili nafungua coach.txd kwenye Magic.TXD. Orodha ya kushoto inasema: ubavu01_mpya_final, nyuma01, stika_kioo. Mmemwona mwizi?

Ukiongeza picha mpya kwenye kabati, inaingia na jina la faili yako ya PNG. Mimi faili niliiita "mpya final" ili nisiichanganye na ya kwanza, na jina likaingia nalo. Kwa hiyo, tafadhali: USIONGEZE, BADILISHA. Chagua ile picha ya zamani, kisha tumia amri ya kubadilisha, jina linabaki lilelile. Kama umeshaongeza, libadilishe jina lifanane na la kwenye DFF, herufi kwa herufi. Nafasi moja mwishoni inaharibu. Mstari wa chini (_) ukiwa nukta, inaharibu. Basi la kwanza kulitengeneza nilikaa siku tatu nikirekebisha umbo kumbe kasoro ilikuwa sifuri iliyoandikwa kama herufi O. Siku tatu! Linganisheni majina. Mkimaliza, linganisheni tena.

Nabadilisha: ubavu01. Nahifadhi. Nafunga gemu kabisa, nawasha upya... Haya! DAR – MBEYA hiyo, na mstari wa bluu chini ya madirisha. Jamani, hii raha haielezeki.

Tutoke nalo mjini, tuelekee Blueberry, kimji cha humuhumu ndani ya gemu. Njia hii mimi huwa naiona kama... ngojeni. Barabara iko wapi? Mnaona hapo mbele? Nyumba zimekuwa vivuli, lami imepotea, basi linaelea. Sikupanga kuwaonyesha hili leo, lakini limejitokeza, tulimalize.

Hili si suala la majina. San Andreas imejiwekea kikomo cha megabaiti kama 50 za kupakia vitu vinavyokuzunguka, hata kama ramu yako ni gigabaiti 16. Tuangalie picha zangu: pikseli 2048 kwa 2048, hazijabanwa. Kila pikseli baiti 4, kwa hiyo picha moja ni megabaiti 16. Ninazo 3, jumla 48. Basi moja limekula karibu chakula chote, barabara italala njaa!

Narudi Magic.TXD. Ubavu na nyuma nazibana kwa DXT1, aina mojawapo ya kubana picha, kila moja inashuka mpaka megabaiti 2. Stika ya kioo ina sehemu zinazopitisha mwanga taratibu, hiyo naiweka DXT3, aina nyingine ya kubana, megabaiti 4. Msiiweke DXT1, kingo zake zitakatika vibaya. Halafu nazitengenezea zote mipmapu, yaani nakala ndogondogo za kutumika basi likiwa mbali. Bila hizo maandishi yanametameta kama yana sisimizi. Zinaongeza theluthi moja tu, jumla yote haifiki megabaiti 11.

Kuna programu za kupandisha kile kikomo, fastman92 limit adjuster ni mojawapo, na ukiwa na modi nyingi utaihitaji. Lakini bana picha kwanza.

Kama stika yako inapepesa, inaonekana na kupotea ukizungusha kamera, kabatini hutapata dawa. Ni nyuso mbili zimelala mahali pamoja. Rudi kwenye Blender, ile programu ya kutengenezea umbo, uvute stika nje kidogo tu.

Nawasha tena. Blueberry, barabara ipo. Flint County, ipo. Sasa nalipandisha Mount Chiliad, maana basi la Dar – Mbeya lisilopanda Kitonga mimi silikubali. Kona ya kwanza... gia... Tazameni ubavu unavyong'aa kwenye hili jua la jioni. Faili iliyobanwa nimeiweka hapo chini, ichukueni bure, mchore njia zenu wenyewe. Nataka kuona DAR – BUKOBA.