Kipindi cha 41: Ming'oko Getini

SELE: Mtwara kucheleee!

SOMOE: Kuchele.

SELE: Mbona kinyonge hivyo? Wasikilizaji mtamsamehe da Somoe, sauti yake imebaki Dar.

SOMOE: Imebaki kwenye bomba la kuteleza. Nimepiga ukelele ule hata mimi nikajishangaa kama ni mimi.

SELE: Sasa kwa mliokuwa mnauliza kwenye vile vivoisi vyenu, ndio, karudi, na mwanae Diwani karudi naye mzima, ila ana maandishi mkono mzima utasema daftari la mangi.

SOMOE: Usianzie huko bwana, huko ndo somo la pili. Nimeandika masomo saba, mama au baba akitaka kwenda na mtoto mdogo kwenye mabembea makubwa peke yake bila msaidizi afanyeje. Saba, Sele, na karatasi hii hapa.

SELE: Studio tunayo mpaka saa tano.

SOMOE: Zinatosha.

SELE: Haya. Kwanza ilikuwaje mpaka ukaenda peke yako, maana hapa ulituaga unaenda harusini.

SOMOE: Harusi ilikuwa Jumamosi, Jumapili nina siku nzima ya bure, dada yangu akasema twende tukawapeleke watoto kwenye ile sehemu ya mabembea na maji, sitaitaja jina maana nitawasema. Asubuhi nimeshamvalisha Diwani, begi liko mgongoni, dada ananipigia, mguu umevimba, viatu vya harusi. Nikasema siendi. Halafu nikamwangalia yule mtoto kavaa chupi ya kuogelea juu ya suruali, nikasema basi twende hivyohivyo, mwaka mmoja na miezi tisa atanisumbua nini.

SELE: (anacheka) Diwani huyu huyu? Anayesalimia mpaka mbuzi?

SOMOE: Ndo nakwambia. Na begi lenyewe lina pampasi, nguo za kubadilisha, khanga mbili, maji, uji kwenye chupa, na kibakuli cha ming'oko.

SELE: Cha nini?

SOMOE: Ming'oko.

SELE: Umebeba ming'oko kutoka Mtwara mpaka Dar ukaipeleka kwenye mabembea?

SOMOE: Mtoto anaipenda! Nilimbebea dada, mingine ikabaki, nikaimenya nikaikatakata vipande vidogo vya kumtosha mdomoni, nikaitia kibakuli. Sasa getini pale mlinzi kijana anapekua mabegi, vyakula vya nje haviruhusiwi, uji wa mtoto akauacha, akafungua kibakuli. Kimya. Akaniangalia. "Mama, hii mizizi ya nini?"

SELE: Weee!

SOMOE: Namwambia chakula. "Chakula gani?" Namwambia ming'oko, inachimbwa porini kwetu kusini, inachemshwa. Neno porini ndo likaharibu kila kitu. Akarudi nyuma hatua moja, kabisa, na foleni nzima nyuma yangu ikarudi nyuma hatua moja.

SELE: (anacheka sana) Walijua umekuja kumroga mtu kwenye bembea!

SOMOE: Kuna mama akamvuta mwanae. Mie nimebeba mtoto, begi liko wazi, chupi ziko nje, na Diwani anawaambia "kamoo, kamoo" watu wote waliokuwa wananikimbia.

SELE: Sasa hapo mimi namlaumu mwenye kuimenya. Ming'oko haimenywi kabla. Ungeiacha na ganda lake angeona ni kitu cha shambani, ukishaimenya ikawa myeupe vile, myembamba kama vidole, hata mimi ningerudi nyuma.

SOMOE: Mtoto atamenya mwenyewe?

SELE: Unamenyea palepale. Unashika, unavua, unachovya kwenye chumvi na pilipili.

SOMOE: Pilipili kwa mtoto wa mwaka mmoja?

SELE: Yake bila pilipili. Halafu ulitia chumvi wakati wa kuchemsha au baadaye?

SOMOE: Wakati wa kuchemsha.

SELE: Hapana. Hapana da Somoe. Bibi yangu kule Newala...

SOMOE: Bibi yako kila siku Newala! Wasikilizaji, kila kitu bibi yake Newala.

SELE: Unaichemsha na maji matupu, chumvi ya kuchovya, ndo unaisikia utamu wake. Ukitia chumvi kwenye sufuria umepika muhogo tu.

SOMOE: Haya, chukua hiyo. Mlinzi akaita mkubwa wake. Akaja baba mmoja mtu mzima, kitambi, redio kiunoni, uso umekunjwa, akachungulia kibakuli. Akanyamaza. Akaniuliza taratibu, "Umetoka nayo wapi, mwanangu?" Nikamwambia Mtwara. Akasema, "Mimi wa Tandahimba."

SELE: Usinidanganye!

SOMOE: Haki ya Mungu. Akachukua kipande, akachukua cha pili, akamwambia yule kijana, huku mnaishi tu hamjui kitu. Sele, kibakuli kilirudi nusu! Wamekizuia kama dawa wamekirudisha kama sahani ya mgeni.

SELE: Na alisema nini kuhusu chumvi?

SOMOE: ...

SELE: Da Somoe. Mtu wa Tandahimba alisema nini kuhusu chumvi?

SOMOE: Alisema imekaa vizuri ila ingekuwa na chumvi pembeni.

SELE: (anapiga meza) Asante! Kipindi kimeisha, tuonane wiki ijayo.

SOMOE: Tumetumia dakika ngapi kwenye ming'oko? Dakika ishirini! Somo la kwanza bado, jamani. La kwanza ni pampasi. Pampasi hizi za kawaida usiingie nazo majini, zinakunywa maji, nimeingia na Diwani kwenye kile kidimbwi cha watoto, baada ya muda namnyanyua naona kawa mzito kama kiroba, pampasi imevimba imefika magotini. Kuna za kuogelea, hazinywi maji, zinazuia kile kizito tu. Nunueni kabla, mle ndani bei yake usiulize.

SELE: Yaani hajafanya kitu, maji tu?

SOMOE: Maji tu. Na vile viboya vya kuvisha mikononi msiviamini, vinachomoka, mtoto mdogo kuzama hapigi kelele, anazama kimya. Mkono wako umfikie muda wote. Muda wote. Simu sikuigusa, ndo maana picha sina.

SELE: Hapo nakubali. Na la maandishi?

SOMOE: Ndo la pili. Namba yangu ya simu nilimwandikia mkononi kwa hina, maana peni inafutika kwenye maji. Harusini si tulikuwa tunapakwa, nikamwambia mpakaji hebu na huyu, badala ya maua weka tarakimu kumi.

SELE: Piko?

SOMOE: Hina, hina ya majani. Piko sitii kwenye ngozi ya mtoto, lile jeusi lina madawa linaweza kuchoma. Tatizo hina haitoki upesi, sasa Ligula nzima wana namba yangu, jana muuza samaki kanipigia anasema "nimekusoma kwa Diwani."

SELE: (anacheka) Ila mabembea yenyewe ulipanda? Maana mtoto wa umri ule wanamkataa.

SOMOE: Wanapima urefu, wana kijiti pale, sio umri. Na sikuwabishia, ule mkono wa chuma unaokubana kiunoni umetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani, mtoto mfupi anachomoka kwa chini. Diwani kapanda vile vikombe vinavyozunguka polepole, mimi pembeni yake, na kagari. Mara sita kagari kaleee.

SELE: Mimi nilisoma, Disney kule Marekani wana utaratibu wao, mzazi mmoja anapanda lile kubwa mwenzie anabaki na mtoto, akishuka wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

SOMOE: Mwenzie. Umesikia hilo neno? Mwenzie. Mie mwenzangu alikuwa begi.

SELE: Kwa hiyo hukupanda.

SOMOE: Nilipanda.

SELE: Diwani ulimwacha na nani?

SOMOE: Nilikuwa nimesimama naangalia lile bomba refu, lile la bluu linazunguka halafu linakutema kwenye maji. Kuna mama pembeni ana watoto watatu, tulikuwa wote kidimbwini tangu asubuhi, tumegawana mpaka uji. Akaniona naangalia. Akasema nipe huyu, nenda mara moja.

SELE: Ukampa.

SOMOE: Nikampa.

SELE: Mtu humjui.

SOMOE: Masaa manne tumekaa naye, Sele.

SELE: Da Somoe, hapana. Hapa sicheki. Yule ni mtu humjui jina, humjui anakokaa, unampa mtoto karibu na maji, unapanda ngazi juu huko.

SOMOE: Kutoka hapa kwenda Dar kwenye basi Diwani kakaa mapajani kwa bibi simjui, kampokea stendi kamshusha Nangurukuru, nikalala. Hukunikemea. Kila mtu anayesafiri na mtoto barabara ile anafanya hivyo.

SELE: Basi lina mlango mmoja! Huyo bibi atashuka wapi na mtoto, porini Somanga? Pale kuna mageti, kuna watu mia na mia, na kuna maji.

SOMOE: Na kuna watu wa kuona. Wewe mwenyewe umelelewa Chikongola na mtaa mzima.

SELE: Mtaa unaujua! Mtaa mama yangu alijua nyumba ya kila mtu. Huo ndo mtaa. Pale si mtaa, ni foleni.

SOMOE: Kwa hiyo mimi nifanye nini, niwe mzazi mpaka lini bila kushuka? Nimelipa kiingilio kizima mimi, yeye kaingia bure. Baba yake yuko baharini miezi. Dakika mbili nilitaka.

SELE: Zilikuwa dakika mbili?

SOMOE: ...Kulikuwa na foleni juu.

SELE: Ngapi?

SOMOE: Kumi na tano hivi.

SELE: Kumi na tano, da Somoe.

SOMOE: Na nilikuwa namwona kutoka juu! Ananipungia. Yaani ananipungia mkono ule wenye namba. Halafu nikashuka, nikapiga ukelele, na nilipotoka majini alikuwa anakula ming'oko na watoto wa yule mama.

SELE: Mimi nakuelewa umechoka. Ila ningekuwa mimi ningeliacha hilo bomba.

SOMOE: Ungekuwa wewe mkeo angekuwepo.

SELE: Hilo...

SOMOE: Ndo hilo.

SELE: Sio jibu lakini.

SOMOE: Na lako sio jibu.

(kimya)

SELE: Aliyeko mlangoni anagonga ni mwenye studio, wana wale wa kaswida wanaingia saa tano.

SOMOE: Masomo matano bado! La tatu la kulala mchana, kwamba usishindane na usingizi wa mtoto, mfunge mgongoni kwa khanga utembee, kigari waachie wenye sakafu, pale kote ngazi na mchanga. La nne...

SELE: La nne wiki ijayo.

SOMOE: La nne choo, hilo ndo kubwa, wewe ukibanwa unaingiaje chooni na mtoto na begi na mlango haufungi, jamani hili watu wanahitaji...

SELE: Wiki ijayo, anagonga tena. Mtutumie voisi, tena mseme wazi, ungempa au usingempa. Na chumvi wakati wa kuchemsha au baadaye.

SOMOE: Usichanganye.

SELE: Swali la mwisho. Yule mama ulichukua jina lake?

SOMOE: Namba ninayo.

SELE: Jina.

SOMOE: Nimemsevu "Mama wa Bomba."

SELE: Kwa hiyo jina hujui mpaka leo.

SOMOE: Zima hiyo, Sele.