Tembo Hawa Wanazaliana na Nani?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika. Kila matokeo ya sensa ya tembo yakitangazwa tunashika namba: wameongezeka, wamepungua. Mimi leo naomba tuulize jambo ambalo namba hiyo haisemi. Hao tembo waliopo wanazaliana na nani?

Jibu haliko juu kwenye ndege ya sensa. Liko chini, kwenye kinyesi. Donge likipita utumboni hutoka limepakwa utelezi uliobeba seli za mnyama mwenyewe. Kwa hiyo anayekusanya sampuli hachimbui katikati. Anakwangua juu juu, penye kung'aa, kabla jua halijapakausha. Utelezi huo kidogo unatosha kutoa vinasaba vya tembo ambaye hata hujamwona.

Ukivisoma, unakuta habari za aina mbili. Vinasaba vya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, mtoto huvipata kwa mama peke yake. Na kwa kuwa jike hukaa na mama yake na bibi yake maisha yote, vinasaba hivyo haviendi mbali. Dume akishabalehe huondoka, akatafuta majike wa koo nyingine, na safari zake zinaonekana kwenye vinasaba vya kiini cha seli, vinavyotoka kwa baba na mama. Wapo tembo wa savana wenye mitokondria ya tembo wa msituni, ilhali sehemu kubwa ya vinasaba vyao vingine ni ya savana kabisa! Zamani sana majike wa msituni walipandwa na madume wa savana, kizazi hata kizazi, mpaka ikabaki alama ya mama tu. Nasi tunazungumzia spishi mbili hapa: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2001 ulionyesha hivyo, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikazitathmini kila moja peke yake mwaka 2021.

Sasa chukueni ushoroba, yaani njia ya wanyamapori, wa Kwakuchinja, kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara. Ukizibwa kwa mashamba na nyumba, majike hawataacha kuzaa, na sensa itazidi kuleta namba nzuri. Kinachokatika ni njia ya dume. Hasara yake inachukua vizazi kuonekana. Kule hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, mwaka 1931 walikuwa wamebaki tembo 11 tu. Walizaana wakafika mamia, lakini karibu majike wote hawana pembe, na ikabidi madume waletwe kutoka hifadhi ya Kruger ili kuongeza damu mpya.

Kwetu Tanzania kuna jeraha la pori la Selous. Sensa ya 2009 ilikuta tembo kama 39,000. Ya 2013 ikakuta kama 13,000. Mwanabiolojia Samuel Wasser na wenzake walilinganisha vinasaba vya pembe zilizokamatwa na ramani iliyotokana hasa na kinyesi, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Jangili hutafuta kwanza pembe kubwa, yaani dume mzee. Na utafiti wa Amboseli, Kenya, umeonyesha kuwa madume wakubwa kwa umri ndio wanaozalisha zaidi.

Kwa hiyo naomba ripoti ya sensa ijayo iwe na safu mbili zaidi: umri wa madume, na shoroba walizoonekana wakipita.