Panya Ana Pua Ngapi?

AKINYI: Karibuni tena kipindini, hapa Kisumu. Mimi ni Akinyi, na Mwalimu Wafula yuko ng'ambo ya meza. Mwalimu, kuna mama anauza mahindi na omena kule Kondele, ametuandikia. Aliazima paka wa jirani. Paka mwenyewe mvivu, kazi yake kulala juu ya magunia, hajakamata kitu. Lakini panya wamehama! Anauliza, waliambiwa na nani?

WAFULA: Na pua. Tena si pua moja. Panya mdogo wa nyumbani ana nne, zote ndani ya kile kipua kinachochezacheza.

AKINYI: Nne? Acha mzaha, Mwalimu.

WAFULA: Haki ya Mungu. Ni sehemu nne zenye seli za kunusa. Iliyo kubwa zaidi iko nyuma kabisa, juu ya vifupa vyembamba vilivyojikunjakunja ili utando wa kunusia upate nafasi kubwa. Seli za utando huo hupeleka nyuzi zake juu, zinapenya mfupa wenye vitundu kama kichungi cha chai, na papo hapo zimeshafika ubongoni.

AKINYI: Na kila seli inajua harufu zote?

WAFULA: Hapana, na hapo ndipo penye raha. Kila seli ina aina moja tu ya kipokezi, yaani kile kinachonasa harufu. Panya ana jeni za vipokezi zaidi ya 1,000 zinazofanya kazi, sisi tuna kama 400. Jeni hizo zilifichuliwa na wanasayansi Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, wakapewa Nobel mwaka 2004. Sasa, seli zenye kipokezi kimoja zimetawanyika huku na kule puani, lakini nyuzi zake hukutana kwenye vifundo vilevile mbele ya ubongo. Omena ikinuka, vifundo fulani vinaamka. Mahindi yakivunda, vinaamka vingine.

AKINYI: Hiyo ni omena. Paka je?

WAFULA: Paka ni kazi ya pua ya pili, kiungo cha vomeronasali. Ni mirija miwili chini kabisa, huku na huku ya ukuta unaogawa pua. Pumzi ya kawaida haileti mengi huko. Panya anasogeza pua hadi kwenye kitu chenyewe, halafu mshipa wa damu ulio kando ya mrija unatanuka na kusinyaa, unavuta majimaji ndani. Na paka si anajilamba kutwa? Mate yake yana protini fulani, na ndiyo inayonaswa na kiungo hiki. Mwaka 2010 watafiti waliwapa panya wa maabara harufu ya paka, panya ambao hawajawahi kumwona paka maishani. Wakaogopa. Wale ambao kiungo hicho hakikufanya kazi, hawakujali.

AKINYI: Kumbe hata mama panya hahitaji kumfundisha mtoto wake!

WAFULA: Hahitaji. Ya tatu iko mlangoni kabisa mwa pua, inaitwa ganglioni ya Grueneberg, yaani kifungu cha seli za neva, kwa jina la aliyeieleza mwaka 1973. Panya akishikwa na hofu hutoa harufu, wenzake wakiinasa hapo wanaganda. Hiyo ilijulikana mwaka 2008 tu. Ya nne ni kiraka kidogo ukutani mwa pua, kiungo cha Masera. Hicho tukiache, hata wataalamu bado wanabishana kinafanya nini hasa.

AKINYI: Na sisi, hicho cha vomeronasali tunacho?

WAFULA: Kwa watu wengine kuna kishimo tu puani. Jeni zilizokiendesha karibu zote zimekufa.

AKINYI: Pole zetu. Basi mama wa Kondele afanyeje, paka akirudishwa kwao?

WAFULA: Ainue magunia, asugue kwa sabuni kandokando ya ukuta. Panya dume hukojoa matone huko kuwaarifu wengine kwamba yupo, na majike huyafuata.

AKINYI: Asugue leo, basi. Ameandika hapa chini kwamba jirani ameshaanza kumdai paka wake.