Kempu ya Narus: siku tatu, dozi ya siku 17

MWALIMU: Haya tumerudi jamani, na leo siko peke yangu, Sista amerudi. Wiki mbili nimeongea na ukuta hapa, watu wananiandikia ati Sista amehama kipindi.

SISTA: (anacheka) Sijahama. Nilikuwa Sudan Kusini, upande wa Narus, tulienda na kempu ya matibabu ya kanisa. Siku tatu za kazi, barabarani nimeacha kuhesabu.

MWALIMU: Mlipitia Loki?

SISTA: Eeh, Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, halafu Nadapal mpakani. Na hapo mpakani ndio tulikaa, manake dawa si nguo, boksi moja moja inafunguliwa, barua inasomwa, kadi ya njano ya kila mtu, ile ya chanjo ya homa ya manjano, inaangaliwa. Kuna dokta alisahau kadi yake kwa begi lililokuwa chini kabisa ya mizigo yote, tukashusha kila kitu. Wacha tu.

MWALIMU: Mimi nataka siku moja. Usinipe tatu. Siku moja kutoka asubuhi.

SISTA: Basi nikupe ya pili, hiyo ndio siku. Saa kumi na mbili tuko kwa maombi, wimbo mmoja, neno fupi, chai ya rangi na mandazi ya jana, saa moja tuko kwa kijiji. Kanisa lenyewe ni mabati na miti, ukifika saa nne ndani ni oveni, kwa hivyo meza zote tulitoa nje chini ya mti. Na watu tulikuta washafika. Kuna akina mama walitembea usiku, watoto mgongoni, wamekaa wametulia tu wanatuangalia tukihangaika na meza.

MWALIMU: Foleni ilikuwa ya watu wangapi?

SISTA: Kadi tulitoa 300 zikaisha kabla ya saa tano. Sasa hapo ndio tukakosana kidogo na ndugu mmoja wa timu, alitaka watu wasikilize mahubiri kwanza ndio waanze kuonwa. Nikamwambia kaka, huyu mtoto ana joto la 39, wewe unataka nimwambie angoje ufike Warumi? Injili na dawa zisiwekwe kwa foleni moja. Anayetaka kuombewa kuna meza ya maombi pale, aende kabla, aende baada, asiende kabisa, panado yake iko pale pale.

MWALIMU: Na ulishinda?

SISTA: Pasta wa pale mwenyewe alinisaidia, akasema hawa ni watu wangu, nitawahubiria Jumapili. Ikaisha hivyo.

MWALIMU: Sawa, na lugha je? Manake pale ni Watoposa.

SISTA: Hapo sasa. Tulikuwa na kijana Mturkana kutoka Kakuma, ndiye mkalimani. Unajua Kiturkana na Kitoposa ni kama ndugu wa mama mmoja, salamu "ejok" ya huku ni "ejok" ya kule, maji ni ngakipi, wanasikizana vizuri tu. Na hawa ndio watu wanaoibiana ng'ombe miaka yote! Asubuhi mzee mmoja alimuuliza huyo kijana ukoo wake, nikaona kijana ananyamaza anafikiria kwanza, halafu akajibu, wakacheka wote. Sijui alisema nini, alikataa kunitafsiria.

MWALIMU: (anacheka) Huyo mjanja.

SISTA: Mjanja, na ndiye daktari mkuu wa hiyo kempu kama unataka ukweli. Ngoja nikwambie. Saa sita hivi, mama anakuja na kijana wa miaka kama tisa. Kwa kadi mtu wa meza ya kwanza ameandika "tumbo linauma". Na siku hiyo matumbo nilikuwa nimeona sijui mangapi, mkono wangu tayari uko kwa dawa za minyoo, nampimia. Mkalimani akaniambia, Sista, ngoja. Huyu mama hasemi tumbo linauma. Anasema linakua.

MWALIMU: Linakua.

SISTA: Linakua. Nikaacha dawa. Nikamlaza kwa mkeka, nikaweka mkono, bandama imeshuka mpaka karibu na kitovu, ngumu, na juu yake kuna chale, wamemchanja pale pale bandama ilipo. Yaani nyumbani mtu alishajua shida iko wapi kabla yangu mimi na stethoskopu yangu. Mikono imekonda, joto limekuja na kwenda zaidi ya mwezi. Malaria tukapima, hakuna.

MWALIMU: Kala-azar.

SISTA: Kala-azar, ule ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama. Bahati nzuri tulikuwa na vile vipimo vya kidole, tone la damu unangoja kidogo mstari utokee. Ukatoka mistari miwili.

MWALIMU: Kwa wasikilizaji wetu wa huku mjini, hiyo inaletwa na nini?

SISTA: Kainzi kadogo sana, kadogo kuliko mbu, hata hakapigi kelele. Kwa hizo sehemu zetu za ukame, Turkana, Pokot, Baringo, mpaka huko Kapoeta, kanakaa kwa nyufa za vichuguu. Na kijana wa kuchunga mbuzi jioni anakaa wapi ili aone mifugo? Juu ya kichuguu. Na usipotibiwa unakufa, hiyo haina mjadala.

MWALIMU: Dawa mlikuwa nayo?

SISTA: Hatukuwa nayo. Na hata tungekuwa nayo Mwalimu, dozi inayotumika huku kwetu ni sindano mbili kila siku kwa siku 17. Sindano 34! Sisi tumebakisha siku moja na nusu tupakie tuondoke. Nilikaa kwa kiti cha plastiki nikaangalia ile bango letu, "Siku Tatu za Uponyaji", imefungwa vizuri kwa mti.

MWALIMU: Aii.

SISTA: Tulikuwa tumechapisha tisheti za timu, mbele msalaba, nyuma majina ya wafadhili, zimependeza kweli. Nikauliza kwa bajeti kuna pesa ya rufaa? Mafuta ya kupeleka mgonjwa hospitali, chakula cha mama kwa siku 17? Hakuna. Hakuna mtu alikuwa amewaza, na mimi nilikuwa kwa hiyo kamati ya mipango, kwa hivyo usidhani nawasema wengine.

MWALIMU: Sasa mkafanyaje?

SISTA: Harambee ya chini ya mti. Kofia ikazunguka, yule ndugu wa mahubiri ndiye alitoa nyingi kuliko wote, lazima niseme. Tukaongea na hospitali ya misheni huko Kapoeta kwa simu, wakasema wana dawa, mleteni. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kumshawishi mama. Ana watoto wengine wawili nyumbani na mbuzi, unamwambia aende akalale hospitali wiki mbili na zaidi. Mkalimani aliongea naye karibu lisaa lizima, foleni imesimama, watu wananung'unika, nikawaacha waongee. Mwishowe shangazi akakubali kuangalia mbuzi.

MWALIMU: Na hao wengine 299?

SISTA: Tuliendelea mpaka giza, na tochi za simu. Vikohozi, malaria, presha kidogo, macho mengi sana, kuna shosho kope zimeingia ndani zinamkwaruza jicho, tukazing'oa hizo kope na kibanio, afueni ya muda tu mpaka apate upasuaji. Na kuna mzee alikuwa amevaa mrija shingoni kama mkufu, nikadhani ni urembo, kumbe ni wa kuchujia maji ya kunywa akiwa malishoni.

MWALIMU: Ule wa mnyoo wa Guinea!

SISTA: Ule ule. Jimmy Carter, yule rais wa zamani wa Marekani, mwaka 1995 alipatanisha vita vya Sudan visimame karibu miezi sita watu wafikiwe kwa sababu ya huo mnyoo. Mwaka 2006 kusini kule kulikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000, siku hizi wa mwaka mzima unahesabu kwa vidole. Na hakuna dawa yake wala chanjo, ni kitambaa cha kuchuja na mtu wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba. Mzee akanionyesha jinsi ya kuunyonyea, akataka nijaribu, nikamwambia asante baba nimeshakunywa.

MWALIMU: (anacheka) Na kijana wetu?

SISTA: Nimepata sauti ya WhatsApp jana kutoka kwa mkalimani, alibaki Kapoeta naye, hakuna mtu alimwambia abaki. Anasema hiyo jana ilikuwa siku ya 15, kijana anakula sana, mama anataka kurudi kwa mbuzi, kila asubuhi wanabishana upya. Anauliza kama ile kofia inaweza kuzunguka tena, chakula kimeisha.

MWALIMU: Imezunguka?

SISTA: Iko hapa kwa meza. Anza wewe.