Lami ya Bei ya Chini, Uzi wa Bei ya Juu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Mada niliyopewa, nyuzi za kaboni za bei nafuu kutokana na lami ya mafuta, ina neno "nafuu", na hilo ndilo nitakalohangaika nalo leo, maana sifa za nyuzi za kaboni zenyewe zimeshaimbwa vya kutosha. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele karibu mara kumi. Ukichukua ujazo ulio sawa, uzito wake ni kama robo ya ule wa chuma. Takriban nusu ya uzito wa ndege ya Boeing 787 ni vifaa vya mseto, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, vingi vikiwa vya nyuzi hizi. Mbona basi magari mengi tunayopanda bado ni ya bati?

Ni bei tu. Zaidi ya tisa ya kila kumi ya nyuzi za kaboni zinazouzwa duniani hutokana na poliakrilonitrili, plastiki iliyo ndugu wa ile inayofumiwa sweta za dukani. Njia hiyo ilianzishwa na Mjapani Akio Shindo mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo ni njia nzuri. Lakini plastiki hiyo hutengenezwa kwa makusudi, huyeyushwa kwa kemikali ndipo isokotwe, na ikiingia tanurini kuchomwa igeuke kaboni, karibu nusu ya uzito wake huenda na moshi. Ndani ya moshi huo mna sianidi, sumu kali, kwa hiyo nao lazima uteketezwe, kwa gharama nyingine. Unanunua kilo mbili upate moja. Nusu hivi ya gharama ya uzi huwa imeshalipwa kwenye malighafi kabla tanuri halijawashwa.

Tugeukie kiwanda cha kusafisha mafuta. Kwenye mtambo unaopasua mafuta mazito kwa kichocheo (unga unaoharakisha mabadiliko ya kikemikali), gesi na petroli huchukuliwa juu, na chini kabisa hubaki uji mweusi ambao molekuli zake zimejaa pete za kaboni. Kwa miaka mingi mengi ya masalia haya yaliishia kwenye mafuta ya meli. Kisha, tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari likashusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta hayo kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mteja wa mafuta machafu akapungua. Ukiyapika masalia hayo kwenye nyuzijoto 400 hivi za Selsiasi, unapata lami ambayo ikichomwa ipasavyo hubakiza kama robo tatu ya uzito wake ikiwa kaboni. Hesabu inavutia, sivyo? Ndiyo maana wengi wameikimbilia.

Ila lami ina tabia mbili. Sugio Otani wa Chuo Kikuu cha Gunma alisokota nyuzi za lami katika miaka hiyohiyo ya 1960, na kampuni ya Kureha ikaziingiza sokoni. Ni rahisi kutengeneza, lakini molekuli zake zimelala ovyo, na nguvu yake haifiki theluthi moja ya uzi wa kawaida wa kaboni unaotokana na plastiki. Zinafaa kukinga joto la matanuri na kuimarisha saruji. Mwaka 1970, Leonard Singer wa kampuni ya Union Carbide huko Marekani alikwenda mbali zaidi: aliipika lami mpaka molekuli zake bapa zikaanza kujipanga zenyewe zingali kimiminika, kama magogo yanayoelekea upande mmoja mtoni. Uzi wa lami hiyo unaweza kuwa mgumu kupinda mara nne kuliko chuma, na aina bora hupitisha joto kuliko shaba. Unatumika kwenye setilaiti. Na bei yake, jamani, inaupita hata ule wa plastiki!

Nataka tukae hapo kidogo. Malighafi ya bei ya chini kabisa ndiyo iliyozaa uzi wa bei ya juu kabisa, na sababu zake zinaonekana ukisimama karibu na mashine. Uji ule una vumbi la kichocheo, na chembe moja ndogo ikibaki ndani ya uzi, hapo ndipo utakapokatikia; kwa hiyo lazima usafishwe sana. Lami iliyoyeyuka husukumwa kwenye sahani yenye vitundu vidogo mno, na joto likicheza kidogo tu, uzi unakatika au unakuwa mnene. Ukitoka, ule uzi mbichi ni mwepesi kuvunjika kama kioo. Ukiushika vibaya umekwisha. Kisha unapaswa kukaa kwenye hewa ya moto, nyuzijoto 250 hadi 300 hivi, hewa iufunge kuanzia nje kwenda ndani usije ukayeyuka tena. Ukiharakisha, ganda linakauka huku kiini kingali laini, na tanurini nyuzi zinagandamana. Muda huo wote ni umeme na mtambo, na ndio unaokula ile faida ya malighafi.

Kwa hiyo mimi naona tumaini liko katikati, kwenye uzi usioshindana na wa setilaiti. Mwaka 2022 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, wakiwemo Asmita Jana, Nicola Ferralis na Jeffrey Grossman, walichapisha kazi inayotumia kompyuta kufuatilia jinsi molekuli za lami zinavyoungana, ili mtengenezaji ajue mapema lami ipi itampa uzi upi. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu masalia ya kiwanda kimoja hayafanani na ya kingine, na kubahatisha ni ghali.

Wizara ya Nishati ya Marekani ililenga dola 5 hadi 7 kwa ratili moja ya uzi wa magari. Lami inaweza kutufikisha huko. Lakini tusisahau kwamba uzi peke yake haujawa kipande cha gari: unahitaji resini, ile plastiki inayozishikanisha nyuzi, unahitaji kalibu ya kukipa umbo, na unahitaji dakika za kukauka, wakati bati la chuma hukandamizwa likapata umbo kwa sekunde chache. Watu wa lami hawapendi sana kuzungumzia kalibu. Ningefurahi maswali yenu yaanzie hapo.