Risasi Inayeyuka kwa Nyuzi Ngapi? Niambie Kwanza Imekaa Wapi

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa fizikia, Kigoma)

Walimu wenzangu, wanafunzi, hamjambo. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninapoanzia. Mtihani unauliza: risasi, ile metali, si ya bunduki, inayeyuka kwa nyuzijoto ngapi? Mtoto anaandika 327, anapigiwa vema, tunaendelea. Nami narudia: jibu hilo ni nusu. Mtoto alipaswa aulize, risasi kubwa kiasi gani, tena imekaa ndani ya nini?

Mmewaona wavuvi wa Kibirizi wakitengeneza chubwi za nyavu. Risasi inatiwa kwenye sufuria kuukuu ya alumini, mkaa unapepewa, punde bonge linalegea pembeni, linazama, uso unang'aa kama kioo. Wanangu, msikae kule moshi unakoelekea, ule ni sumu. Sufuria haina habari, maana alumini yenyewe husubiri mpaka 660.

Sasa badilisha jambo moja. Risasi isiwe ndani ya sufuria, iwe ndani ya alumini yenyewe, imetawanywa vichembe vya nanomita kumi au ishirini (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kila kimoja kimezibwa pande zote. Pasha moto. Umefika 327: kimya. Ongeza nyuzi kumi, ongeza kumi nyingine. Bado ni yabisi! Maabara zimepima chembe za namna hii zikipita kiwango chao kwa makumi ya nyuzi bila kuyeyuka.

Namwona mwalimu pale nyuma ananyanyua mkono: "Si ulitufundisha kwamba chembe ikiwa ndogo huwahi kuyeyuka?" Nilifundisha, na ni kweli kwa chembe iliyo wazi. Chembe ndogo hivyo ina sehemu kubwa ya atomi zake usoni, na atomi ya usoni haina jirani upande wa nje, kwa hiyo inatetemeka zaidi ya zile za ndani. Tangu mwanafizikia Lindemann mwaka 1910, kuyeyuka kunahusishwa na ukubwa wa mtetemo: atomi zikiyumba mno kutoka mahali pake, mpangilio unavunjika. Ndiyo maana kuyeyuka huanzia usoni. Lakini zungushia chembe hiyo alumini ambayo atomi zake zimejipanga zikaoana na za risasi, basi zile za mpakani zimepata wa kuzishika.

Bado huamini? Chukua risasi na alumini, uzisage pamoja kwenye kinu cha gololi za chuma mpaka zigusane ovyo ovyo. Chembe zitayeyuka chini ya 327. Metali ni zilezile mbili, jamani! Kilichobadilika ni mguso wao. Sasa mtoto anayekariri namba peke yake tumemfundisha nini?

Mtetemo nao ni vivyo hivyo. Chini ya mwembe pale nje imening'inia rimu ya gari, ndiyo kengele. Igonge, itaimba muda mrefu. Ishike kwa viganja viwili, mlio unakatika, nawe unausikia ukipanda mpaka kwenye viwiko. Haukupotea, umeingia kwako. Mwanahisabati Horace Lamb alikokotoa mwaka 1882 jinsi tufe linavyotetemeka, na hesabu yake inafaa hata leo. Tufe la dhahabu lenye kipenyo cha nanomita 50, likipigwa na mpigo mfupi wa leza, hutanuka na kusinyaa kama linapumua, pumzi moja kwa pikosekunde 16 hivi. Pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde, muda ambao mwanga husafiri milimita 0.3 tu. Lifunge ndani ya kioo, na kioo kinanyonya mtetemo kama viganja vyako. Ukipima mlio ulivyokatika, umejua kioo kimelishikaje.

Joto nalisema haraka, naona saa inanikimbiza. Leza huzipasha elektroni kwanza, elektroni zinazipasha atomi za dhahabu, kisha joto linavuka kwenda kwenye kioo. Pale mpakani pana kizuizi cha joto, hata pakiwa pameshikana vizuri. Mwanafizikia Kapitza alikipima mwaka 1941 kati ya metali na heli ya kimiminika. Dhahabu pia hutanuka zaidi kwa joto kuliko kioo cha silika, kwa hiyo chembe ikipata moto inabanwa.

Rimu tumeruhusiwa kuitumia kabla kengele ya mchana haijagongwa. Nataka mmoja aigonge, mwingine aishike, wa tatu ahesabu sekunde. Kisha tuizike nusu mchangani, tuigonge tena. Haya, twendeni nje.