Njaa Haitoshi: Spora za Bakteria Wapenda Joto

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo dada Rehema ametuletea bakteria wanaostawi kwenye nyuzi 60 za selsiasi, halafu oksijeni hawaitaki kabisa. Dada, maji ya nyuzi 60 mimi mkono siingizi.

REHEMA: Usiingize, kaka. Wao ndiko wanakonenepa. Utawakuta kwenye chemchemi za moto, kwenye marundo ya mboji yanayofuka kwa ndani, kwenye samadi. Mmoja wao, Moorella thermoacetica, alipatikana kwenye mavi ya farasi na akatangazwa mwaka 1942. Huyo tutamfikia.

BARAKA: Tuanze na spora basi. Mimi shuleni niliambiwa hivi: bakteria akikosa chakula, anatengeneza spora, yaani umbo gumu lililolala, anasubiri neema irudi. Tukaandika kwenye daftari, tukafunga.

REHEMA: Hilo limetokana na Bacillus subtilis, bakteria ambaye kati ya watengeneza spora ni miongoni mwa waliochunguzwa zaidi. Kwake si uongo. Seli inajigawa vipande viwili visivyolingana, kikubwa kinakimeza kidogo, kinakivisha tabaka juu ya tabaka, kisha hicho kikubwa kinapasuka na kufa. Kilichobaki ndiyo spora. Ndani yake maji yamepungua mno, imejaa kalsiamu iliyoshikana na kemikali iitwayo asidi ya dipikoliniki, na DNA imefunikwa na protini ndogondogo za kuilinda. Ni kazi ya saa kadhaa.

BARAKA: Ngoja. Kazi ya saa kadhaa inataka nguvu. Sasa mwenye njaa anaitoa wapi?

REHEMA: Umegusa penyewe. Aliyekwisha kabisa hawezi. Lazima aanze mapema, akiwa bado na akiba, kwa hiyo anachosikiliza ni dalili. Na dalili si moja kwa wote. Mchukue Clostridium thermocellum, mmoja wa hawa wapenda joto. Anakula selulosi, yaani ule utembo wa majani na mabua, na anatoa ethanoli, ile pombe inayoweza kutumika kama mafuta ya injini. Watu wa nishati wanampenda kwa hilo. Kikundi cha mtafiti Lee Lynd kule Chuo cha Dartmouth, Marekani, kilichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa hali ambazo humfanya aache kukua.

BARAKA: Wakamnyima chakula.

REHEMA: Wakampunguzia kaboni, wakampunguzia naitrojeni. Spora hawakuziona.

BARAKA: Hata moja?

REHEMA: Hawakuziona. Zilikuja walipombadilishia chakula. Alikuwa kwenye selobiosi, sukari inayoyeyuka majini, wakamhamishia kwenye selulosi isiyoyeyuka. Na kinyume chake pia. Hapo wakapata spora zilizokomaa kama asilimia 7 hivi. Wakimwingizia oksijeni, matokeo yanakaribiana na hayo.

BARAKA: Yaani chakula kipo mezani, kimebadilika tu, huyu anafunga virago?

REHEMA: Baadhi yao. Asilimia 7 si kundi zima, na mimi hapo ndipo panaponivutia zaidi kuliko hata ile habari ya njaa. Seli ni za ukoo mmoja, ziko kwenye chupa moja, chache zinaondoka na nyingine zinabaki kujaribu chakula kipya.

BARAKA: Na wale walionyimwa kabisa, walikufa?

REHEMA: Hapana. Wakati wa kuwakuza mfululizo, walipokatiwa chakula, wengi waligeuka kuwa kinachoitwa umbo la L. Seli hazikui, hazitoi mazao yake ya kawaida, lakini zi hai. Umbo la L ni mwenye duka aliyerudishia mlango akaenda kuswali. Spora ni yule aliyepiga kufuli akarudi kijijini.

BARAKA: Kwa hiyo wa kwanza anafungua haraka.

REHEMA: Ndivyo walivyopima. Ukiwarudishia chakula kizuri, umbo la L linainuka mapema kuliko spora. Ila ukiwapandishia joto kali, au ukiwahifadhi muda mrefu, spora ndizo zinazovumilia. Kwa mwenye mtambo wa ethanoli vyote viwili ni hasara, maana hakuna kinachozalishwa. Asipokoroga vizuri, au hewa ikipenya, anaweza kupoteza sehemu ya wafanyakazi wake bila kujua wamekwenda wapi.

BARAKA: Haya, wa samadi ya farasi.

REHEMA: Moorella. Mwaka 2000, Byrer, Rainey na Wiegel waliandika kuhusu aina mbili zilizoota ndani ya vyakula vya maabara vilivyokwisha kupita kwenye autoklavu.

BARAKA: Vilivyokwisha kuuliwa vijidudu?

REHEMA: Ndiyo. Nyuzi 121, mvuke wa shinikizo. Kwa kawaida dakika 15 au 20 unatoa, unaandika jina, unaendelea na kazi. Sasa sikiliza. Aina moja, JW/DB-4. Ikikuzwa kwenye nyuzi 60 kwa chakula chenye kemikali za kikaboni, sukari na kadhalika, spora zake zinahitaji dakika 111 kwenye nyuzi 121 ili tisa katika kila kumi zife. Aina hiyohiyo, nyuzi 60 zilezile, ikikuzwa kwa gesi tu, haidrojeni na kaboni dioksidi: dakika 38.

BARAKA: Lishe peke yake imeleta tofauti hiyo?

REHEMA: Karibu mara tatu. Na joto la malezi nalo lina neno. Kwa aina nyingi za bakteria, spora zilizoundwa kwenye joto la juu huwa na maji machache zaidi katikati, na huvumilia zaidi. Ukitaka kipimo cha kulinganisha, Clostridium botulinum, bakteria wa sumu ya chakula ambaye viwanda vya makopo vinamhofia kuliko wote, kwake kwenye nyuzi hizohizo 121 ni takriban sekunde 12.

BARAKA: Sekunde! Hebu nipige hesabu. Spora milioni moja hadi ibaki moja ni hatua sita. Sita mara 111... dakika 666. Saa kumi na moja na ushee ndani ya autoklavu?

REHEMA: Kwa hesabu nyepesi, ndiyo. Kwa hali halisi waliona makundi mawili ya spora yenye uvumilivu tofauti, hivyo mstari haunyooki. Na kuna kero nyingine: ili ziote kwa wingi, zilihitaji kwanza kuchemshwa kwenye nyuzi 100, nyingine hadi dakika 90. Ukizihesabu bila kuzichemsha unaweza kupata namba ndogo ukadhani uko salama.

BARAKA: Mimi niko kwenye maharage yangu ya kopo sasa. Nitupe?

REHEMA: Kula tu. Moorella hukua takriban kati ya nyuzi 45 na 65, na hajulikani kwa kuleta ugonjwa, anachachusha. Kopo likikaa kabatini Dar kwenye nyuzi 32, spora zilizomo zinalala. Shida imeonekana Japani, kwenye mashine zinazouza kahawa ya maziwa ya kopo ikiwa moto, maana kopo linawekwa kwenye nyuzi kama 55 au 60 kwa muda mrefu. Wenye viwanda huongeza esta za sukari na asidi za mafuta ili spora zisiendelee kukua. Kwetu ningeangalia zaidi kontena la chuma lililoachwa juani bandarini.

BARAKA: Na ndani ya kontena hilo ni nyuzi ngapi?

REHEMA: Jua la Februari? Mwachie mtu kipimajoto humo saa nane mchana, halafu uniambie.